Tobo kubwa kwenye ukuta wa jipsamu: shika kingo zake kwanza, bodi utanunua baadae

Mwangaluka wadau. Naandika hii kwa wale tunaoishi kwenye nyumba zenye patisheni ya jipsamu, maana huku Mwanza zamani jipsamu ilikuwa ya dari tu lakini sasa hivi fremu, saluni, ofisi na hata nyumba za kupanga watu wanagawa vyumba kwa jipsamu kwasababu ni nyepesi, inaisha haraka na haihitaji msingi, alafu siku mnahamisha friji au mlango unabamizwa na upepo wa ziwani unakuta tobo la kupitisha kichwa. Kuliziba sio kazi ngumu hivyo. Kazi ni kuliziba lisirudi, na mengi niliyoyaona yanarudi, kwangu Nyasaka na kwa ndugu zangu Igogo na Kirumba, unakuta limezibwa mwezi wa tisa likapendeza, mvua za mwezi wa kumi na moja zikipita ufa umeshazunguka kiraka chote.

Kwahiyo nitaenda kwa dalili. Unaona nini, kimesababishwa na nini, unafanya nini. Kuna fundi mmoja mzee wa Kisesa ndiye alinifundisha kwamba kabla hujafikiria bodi weka mkono kwenye kingo za lile tobo, bonyeza, nusa, gonga ukuta pembeni kwa kidole, kwasababu kingo ndizo zinakwambia kilichotokea. Tangu hapo sijawahi kuziba bila kufanya hivyo.

Nikisema tobo kubwa namaanisha kuanzia kama sentimita 15 kwenda juu, yani kiganja hakilifuniki. Dogo la kitasa cha mlango unaweza kuweka kipande cha nyavu na kupaka jipsamu juu yake ukamaliza. Kubwa lazima liwekewe bodi mpya yenye kitu cha kuishikilia kwa nyuma, na hapa sitabembeleza, usijaze magazeti wala maboksi humo ndani ukapaka unga juu, haitakaa.

Kabla ya kisu

Zima umeme kwenye meni swichi, sio swichi ya taa tu. Ndani ya ukuta wa jipsamu nyaya zinapita kwenye uwazi na mara nyingi zinapanda wima kutoka kwenye soketi au swichi, lakini sio kila fundi umeme alifuata mstari, kwahiyo washa tochi ya simu, ingiza kwenye tobo, piga picha ya ndani kulia na kushoto na juu uone kuna nini. Angalia na bomba la maji pia kama upande wa pili ni bafu au jiko. Kisu usikizamishe zaidi ya unene wa bodi.

Kitu kingine ambacho watu wanakipuuza: kama nyumba ni ya zamani na ile bodi ni ngumu, ya kijivu, inavunjika kama kigae na ndani yake kuna nyuzinyuzi, hiyo sio jipsamu. Inaweza kuwa ile ya asbesto iliyotumika sana kwenye majengo ya zamani. Usiikate, usiipige msasa, usifagie vumbi lake, toa watoto hapo na tafuta mtu anayejua kuitoa. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta kansa baada ya miaka mingi. Jipsamu ya kweli ni unga mweupe mgumu uliobanwa katikati ya karatasi mbili, ukiuvunja unamomonyoka mkononi kama chaki.

DALILI: kingo ni kavu, zina ncha kali, karatasi imechanika, unga mweupe umemwagika chini

Hili ndilo tobo la heri. Limepigwa na kitu. Kona ya friji, mguu wa kitanda, kitasa cha mlango, mpira wa watoto. Bonyeza pembeni kama sentimita 20 kutoka kwenye tobo, kukiwa kugumu basi bodi iliyobaki ni nzima na unaweza kuanza leo leo.

Hatua zake nazieleza hapa kwa kirefu kwasababu dalili zote zingine ukishaondoa chanzo utarudi hapa hapa.

Kwanza pima unene wa bodi yako, chomeka rula kwenye tobo. Bodi nyingi za dari ni milimita 9 na za ukutani ni milimita 12, na watu wanaingia hadiwea wanasema "nipe jipsamu" wanapewa ya 9 kwasababu ndiyo inayouzwa sana, wanakuja kuiweka kwenye ukuta wa 12 alafu kiraka kinakaa ndani kama dirisha. Pima kwanza. Bodi nzima ni mita 1.2 kwa mita 2.4 na kwa tobo moja huhitaji nzima, ongea na fundi anayefunga dari mtaani akuuzie kipande kilichobaki, wanavyo vingi na mara nyingi vinaishia kutupwa. Ukinunua nzima ibebe kwenye kirikuu ikiwa imesimama kwa ubavu, ukiilaza juu ya bodaboda ikawa inapepea utafika nayo nyumbani vipande viwili.

Chora mraba au mstatili unaozunguka tobo lote hadi kwenye bodi nzima. Tumia pima maji na rula, usikadirie kwa macho, kwasababu tobo lenye pembe nne zilizonyooka unalikatia kiraka kwa dakika mbili lakini lenye mikunjo utahangaika nalo mchana kutwa. Kata kwa msumeno mwembamba wa jipsamu au kisu cha kukatia, pole pole, upitishe mara mbili tatu. Karatasi yoyote iliyonyanyuka kwenye kingo ikate kabisa, usiilaze tu na mkono.

Sasa mbao za nyuma. Hapa ndipo kazi ilipo. Chukua papi au mbao nyembamba iliyokauka, kata ndefu kuliko tobo kwa sentimita 10, ili zibaki 5 juu na 5 chini. Unaiingiza kwa upande ndani ya tobo, unaivuta ikae nyuma ya bodi ya zamani, unaishikilia kwa mkono mmoja na mwingine unapiga skurubu kutokea mbele kupitia bodi ya zamani hadi kwenye mbao. Ikikusumbua kuishika, piga skurubu moja katikati ya papi uitumie kama mkono, ukimaliza unaitoa. Tobo la upana wa sentimita 30 weka papi mbili kushoto na kulia, likizidi hapo ongeza ya katikati. Na kama tobo ni kubwa sana, mfano nusu mita na zaidi, usihangaike na papi zinazoelea, kata bodi hadi ufike katikati ya stadi (nguzo ya wima ndani ya ukuta) ya upande huu na katikati ya stadi ya upande ule, kiraka kikae juu ya mifupa ya ukuta wenyewe. Stadi utazipata kwa kugonga, sauti ikibadilika kutoka tupu kuwa nzito hapo ipo, au pitisha sumaku ndogo ukutani itanasa kwenye vichwa vya skurubu.

Kata kiraka kiwe kidogo kuliko tobo kwa milimita 2 au 3 kila upande. Usikilazimishe kuingia kwa ngumi. Kikibana kingo zinasagika na hapo ndipo ufa utaanzia. Funga kwa skurubu nyeusi za jipsamu za milimita 25 kwenye chuma au 35 kwenye mbao, kila baada ya sentimita 15, kichwa kizame kidogo tu bila kutoboa karatasi. Karatasi ndiyo nguvu ya bodi, skurubu ikiitoboa imeshika unga mtupu, itoe upige nyingine pembeni kidogo.

Alafu tepu kwenye viungo vyote vinne, ya nyavu yenye gundi ni rahisi zaidi kwa mtu ambaye sio fundi. Paka jipsamu ya unga iliyochanganywa juu yake kwa skrepa (kile kisu kipana cha kupakia), safu ya kwanza ijaze ule mwanya na kufunika tepu, ya pili itoke nje zaidi, ya tatu itoke nje kabisa hadi kama sentimita 25 kutoka kwenye kiungo. Watu wanadhani ukuta unanyooka kwa kupaka nene. Unanyooka kwa kupaka nyembamba na kutanua. Jicho halioni kilima cha milimita moja kikisambazwa kwenye nusu mita, ila kwenye sentimita tano linakiona hata usiku wa taa.

Msasa namba 120 kisha 220, na barakoa mdomoni. Praima, ile rangi ya msingi. Rangi.

Kama lilikuwa tobo la kitasa weka kizuizi cha mlango sakafuni siku hiyo hiyo.

DALILI: kingo ni laini, zimevimba, zina rangi ya chai au manjano, karatasi inabanduka yenyewe, kuna harufu ya uvundo

Maji. Na hapa naomba unisikilize vizuri kwasababu Mwanza hii ndiyo inayotusumbua kuliko zote. Jipsamu ikilowa mara moja ikakauka haraka inaweza kupona, ikilowa kila wiki unga wake unalainika kama uji mzito na karatasi inakuwa chakula cha kuvu. Ukiziba hapo umefungia maji ndani, na kiraka chako kipya kitakunywa yale yale. Mi nimeshafanya hivyo chumba cha nyuma, nikabadilisha bodi mara mbili kabla sijaenda kutafuta maji yanatoka wapi.

Yanatoka wapi basi. Angalia lilipo tobo.

Likiwa juu karibu na dari, panda juu ya dari mchana jua likiwa kali uangalie matundu ya mwanga kwenye bati, alafu angalia kuna michirizi kwenye mbao za paa. Mara nyingi ni msumari wa bati uliopoteza kile kimpira chake, au bati mbili zilizopishana kidogo na mvua ya upepo inayotoka ziwani inaingia kwa ubavu, mvua ambayo inanyesha wima kwa watu wa bara kwetu inakuja imelala. Unaweza ukakaa masika nzima bila kuvuja ikaja mvua moja ya upepo kutoka upande mwingine ndio ikaonyesha.

Likiwa katikati ya ukuta na upande wa pili kuna bafu, sinki au bomba linaloshuka kutoka kwenye simtanki, ni bomba. Funga koki zote ndani ya nyumba usiku, soma mita ya maji au weka alama kwenye kimo cha maji ndani ya simtanki, asubuhi angalia tena. Mita ikisogea au kimo kikishuka na hakuna aliyetumia, maji yanaenda mahali.

Likiwa chini, sentimita 20 au 30 kutoka sakafuni, na limeenda kwa urefu kama mkanda, hiyo ni kudeki. Nasema kwa heshima kabisa kwa akina mama na dada zetu, sisi huku tunadeki kwa kumwaga ndoo ya maji na kusukuma na fagio, na hiyo ni sawa kwenye ukuta wa tofali, lakini bodi ya jipsamu iliyokalishwa chini kabisa kwenye vigae inavuta yale maji kwenda juu kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Kosa sio la anayedeki. Aliyefunga bodi alitakiwa aiache juu ya sakafu kwa sentimita 1 alafu aifunike kwa sketingi, ule mkanda unaopita chini ya ukuta. Dawa yake kata mkanda wote wa chini hadi kwenye bodi kavu, weka bodi ya kijani ile inayovumilia unyevu, iinue sentimita 1, ziba ule mwanya kwa silikoni, weka sketingi ya vigae au plastiki.

Alafu kuna ile ya nyumba za milimani. Waliojenga Mabatini, Bugando, Igogo, Isamilo juu ya mawe wanajua, mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye jiwe yanakuja kugonga ukuta wa nyuma, ukuta wa tofali unalowa, na kama umebandika jipsamu ndani ya ule ukuta wa tofali kupendezesha basi inaoza kutokea nyuma wakati mbele bado imepakwa rangi nzuri. Siku unagusa kidole kinazama. Hapo hakuna dawa ya ndani. Chimba mtaro nyuma ya nyumba kati ya jiwe na ukuta, uwe na mteremko wa kutoa maji pembeni, piga lipu ya nje vizuri, ndio urudi ndani. Nimeona watu wanapaka rangi ya mafuta ukutani ndani wakiamini itazuia, maji yanajikusanya nyuma ya rangi yanafanya malengelenge.

Ukishaziba chanzo kata bodi iliyooza yote, na uendelee kukata sentimita 30 zaidi ya pale unapoona dalili ya unyevu, kwasababu kuvu inakuwa imeshatangulia nyuma ya karatasi. Vaa barakoa na glavu, fungua madirisha, bodi yenye kuvu iweke kwenye kiroba itoke nje siku hiyo hiyo. Pamba au sponji ya kuzuia sauti iliyolowa ndani ya ukuta nayo itoke.

Subiri ikauke. Ni lini imekauka? Kama nyuma kuna tofali, bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa daftari kwenye tofali, ziba kingo zote kwa selotepu, iache hadi kesho yake. Ukikuta vitone vya maji upande wa ndani bado. Mwezi wa saba na wa nane siku chache zinatosha ukifungua madirisha na kuwasha feni. Mwezi wa nne inaweza kuchukua wiki tatu, na kama tobo halikusumbui sana bora ufunike na kanga usubiri kiangazi.

DALILI: ukisukuma ukuta unacheza, unasikia kama ngoma, na tobo limetokea bila kupigwa sana

Mtu kaegemea tu, bodi ikaingia ndani. Hapa bodi haina kosa, mifupa ndiyo mibovu. Chungulia na tochi.

Kama stadi ni za chuma, pima umbali kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Bodi ya milimita 12 inataka isizidi sentimita 60, ya milimita 9 ni 40. Kuna mafundi wanaweka mita nzima kupunguza gharama. Bodi ya hivyo hata ukiiziba leo itapasuka pembeni kesho, kwahiyo fungua zaidi na uongeze stadi ya katikati kutoka chaneli (reli ya chuma inayoshika stadi) ya juu hadi ya chini, ni kazi ya nusu siku lakini inaisha.

Kama ni mbao, chukua bisibisi uichome. Ikizama kama kwenye keki ni mchwa. Utaona na njia zao za udongo zinapanda kutoka sakafuni. Kata mbao iliyoliwa yote, piga dawa ya mchwa kwenye ufa wa sakafu wanapotokea na fuata maelekezo ya chupa yenyewe, watoto na kuku wasisogee, alafu weka mbao iliyopigwa dawa au hamia kwenye chuma kabisa. Mimi nahamia kwenye chuma.

Panya nao wapo. Tobo lao liko chini, kingo zina mikwaruzo midogo midogo ya meno, na kuna kinyesi kama punje nyeusi. Tafuta walipoingilia nje, jaza stiliwaya ile ya kusugulia sufuria alafu simenti juu, hawaitafuni.

Sasa tuseme umeshaziba na tatizo limekuja baadae.

UFA umezunguka kiraka kama fremu ya picha. Sababu zipo tatu kwa uzoefu wangu. Ya kwanza hakuna tepu, fundi alipaka jipsamu moja kwa moja kwenye kiungo, na jipsamu peke yake haivumilii mtikisiko hata wa mlango kufungwa. Ya pili mbao ya nyuma ilikuwa mbichi, mbao mbichi inapokauka inasinyaa na kujikunja, inavuta kiraka nayo. Ya tatu papi ilifungwa kwenye kiraka lakini haikufungwa kwenye bodi ya zamani, kwahiyo kiraka kinaelea. Kijaribu kwa kukibonyeza katikati, kikicheza toa jipsamu ya juu na uongeze skurubu upande wa bodi ya zamani. Kisipocheza kwangua ufa kwa ncha ya skrepa upate umbo la V, weka tepu, paka safu tatu upya. Kujaza ufa kwa rangi nzito tu kunakupa wiki mbili.

KIRAKA kimetokeza au kimezama. Bodi tofauti kwa unene kama nilivyosema. Kilichozama kwa milimita 3 kinaweza kuletwa juu kwa kukitoa na kuweka vipande vya karatasi ngumu juu ya papi kabla ya kukirudisha. Kilichotokeza hakina ujanja, kitoe. Usijaribu kukipiga msasa kishuke, utakula karatasi yote.

JIPSAMU inamomonyoka ukiisugua na kidole hata baada ya siku mbili, au inaganda kwenye ndoo kabla hujaipaka. Hii inataka maelezo kidogo. Jipsamu ndiyo jasi, ile inayochimbwa Makanya kule Same na Itigi mkoani Singida. Kiwandani wanaichoma jasi ipoteze sehemu kubwa ya maji yaliyo ndani yake, unabaki unga, na wewe ukiurudishia maji unajishika tena kuwa jiwe. Kwahiyo ule unga wa mfuko haugandi kwa kukauka kama udongo, unaganda kwa kunywa maji, ndio maana hata siku ya mvua unaganda vile vile na unapata joto kidogo mkononi. Hii inaeleza karibu makosa yote. Mfuko uliokaa stoo yenye unyevu umeshaanza kunywa maji hewani, unakuwa na mabonge na haushiki vizuri, usinunue mfuko wenye mabonge hata ukipunguziwa bei. Maji yakizidi punje zinakaa mbali mbali na jiwe linakuwa dhaifu, ndio unamomonyoka. Ukiongeza maji kwenye jipsamu iliyoanza kuganda ili uilainishe umeshavunja ule ushikaji na hautarudi, mwaga. Na ndoo chafu yenye mabaki ya jipsamu ya jana inafanya mpya igande haraka sana, kwasababu yale mabaki ni mbegu ya kuanzisha ugandaji. Osha ndoo na skrepa kila mzunguko. Changanya kwa kumimina unga kwenye maji, sio maji kwenye unga, acha uzame dakika mbili kisha koroga, na changanya kiasi cha kumaliza ndani ya dakika ishirini. Ile ya ndoo iliyokuja imeshachanganywa ni kitu kingine, yenyewe inakauka kwa hewa, kwahiyo siku za mvua ipe muda zaidi na usijazie shimo refu nayo, itasinyaa ipasuke.

TEPU imefanya mapovu. Ni ya karatasi na haikuwekewa jipsamu ya kutosha chini yake. Kata povu kwa kisu, toa sehemu iliyokauka, weka jipsamu, bandika tena.

DOA la rangi ya chai linapenya rangi mpya hata ukipaka mara nne. Rangi ya maji haiwezi kulizuia kwasababu lile doa linayeyuka kwenye maji na kupanda nayo. Hakikisha chanzo cha maji kimekufa, kisha paka safu moja ya praima ya mafuta juu ya doa, ikauke kabisa, ndio urudi na rangi yako ya maji.

VIDOA vya kutu vimejipanga kwa mstari. Fundi alitumia misumari au skurubu za kawaida badala ya zile nyeusi au zenye zinki. Kwangua hadi kwenye kichwa, ukiweza ibadilishe, usipoweza paka praima ya mafuta kwenye kichwa kisha jipsamu.

KIRAKA kinaonekana kikiwa kimefifia au kinang'aa tofauti hata kama ukigusa ni laini kabisa. Hii inauma kwasababu kazi imekuwa nzuri na macho yanakataa. Jipsamu mpya inanyonya rangi kuliko ukuta uliopakwa zamani, kwahiyo pale rangi imebaki bila mng'ao. Ulisahau praima. Pia kama ulipiga msasa hadi karatasi ya bodi ikatoa manyoya, yale manyoya yanashika mwanga tofauti. Paka praima kiraka chote na pembeni kidogo, msasa mwepesi, kisha paka ukuta mzima kutoka kona hadi kona, kwa rola ile ile na rangi kutoka ndoo moja. Usipake kiraka peke yake hata kama una rangi iliyobaki ya siku ya kwanza, ile ya ukutani imeshapigwa na jua na moshi wa jikoni, hazitafanana.

Na kama hapo kwenye tobo ndipo TV ilikuwa imening'inia ikang'oka na ukuta, kabla hujafunga kiraka weka ubao mpana wa inchi 6 kutoka stadi hadi stadi kwa nyuma, ufunge kwenye stadi zenyewe, alafu pima kutoka sakafuni na kutoka kona uandike vipimo nyuma ya mlango kwa penseli. Ukishapaka rangi hutaona ubao uko wapi, na skurubu za breketi zinatakiwa ziuingie huo.